Mtoto wa Kikundi Anapotaka Kusomea Utawala wa Umma



Tukitembelea vikundi upande wa Tetu, Othaya na Mukurwe-ini, tumeulizwa swali hili mara nyingi: "Mtoto wetu ana digrii tayari. Sasa anataka pesa za digrii ya pili, eti ya utawala wa umma. Hicho ni kitu gani, na kikundi kitoe?" Ni swali zuri. Leo tujaribu kulijibu pamoja.

UTAWALA WA UMMA NI NINI?

Ni elimu ya kuendesha kazi za serikali: kupanga bajeti, kusimamia wafanyakazi, kununua vitu vya umma kwa uwazi, na kupima kama mradi umewafaidi watu. Katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47, nazo zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Tangu hapo mambo mengi yanayotugusa, kama zahanati, barabara ndogo na mabwana shamba, huamuliwa na kaunti, hapa hapa Nyeri. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka hata msimamizi wa wadi awe na ujuzi wa utawala. Kwa hivyo kazi hii iko karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Lakini tuseme ukweli: digrii ya pili si ahadi ya kazi. Anayeichukua kwa sababu tu amekosa kazi anaweza kumaliza akiwa pale pale, na deni juu. Humfaa zaidi yule ambaye ameshafanya kazi kidogo na anajua anataka kurekebisha nini.

INASOMEWA WAPI?

Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta ni kati ya vile vinavyoifundisha. Kwa kawaida huchukua miaka 2: kwanza masomo ya darasani, halafu utafiti na kuandika tasnifu. Wengi hukwama hapo kwa tasnifu, kwa sababu pesa na nguvu zimeisha.

Aliye kazini serikalini huenda asihitaji safari hiyo ndefu. Kenya School of Government ina tawi hapa kwetu mlimani, mjini Embu, na hutoa kozi fupi za uongozi na usimamizi. Makao yake makuu ni Lower Kabete, ambapo chuo cha utawala kilianza 1961, mahali palipokuwa Jeanes School, shule iliyofundisha walimu wa vijijini. Jina la sasa lilikuja na sheria ya 2012.

Ng'ambo pia kuna nafasi za ufadhili. Chevening ya Uingereza hulipia digrii ya pili ya mwaka mmoja, kwa mtu mwenye uzoefu wa kazi wa miaka 2, na lazima arudi nyumbani baadaye. Kuomba ni bure. Mtu akikuambia ulete pesa akutafutie nafasi hiyo, jua ni mwizi.

KARATASI ZINAZOHITAJIKA

1. Cheti cha digrii ya kwanza na transkripti. Vyuo vingi hutaka daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini huulizwa uzoefu wa kazi.
2. Cheti cha kidato cha nne na nakala ya kitambulisho.
3. Barua za watu wanaomjua kimasomo au kikazi. Awaombe mapema, si jioni ya mwisho.
4. Maelezo yake mwenyewe: amefanya nini, anataka kusoma nini, na kwa nini. Hapa asijisifu bure. Kama amewahi kuwa katibu wa kikundi cha maji, aandike ni nyumba ngapi zilipata mfereji na shida gani ilitokea.
5. Risiti ya ada ya maombi, iliyolipwa kwa akaunti ya chuo chenyewe, si kwa simu ya mtu.

Kabla ya kulipa chochote, aulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama kozi hiyo imeidhinishwa.

KISA KIMOJA

Miaka michache iliyopita tulimsaidia kijana mmoja kuomba. Kikundi cha mamake kilikuwa kimechanga, nasi tukamhimiza ajaze fomu upesi. Hatukumwuliza kuhusu transkripti. Kumbe chuo alichosoma kwanza kilikuwa kimezizuia kwa sababu ya salio la karo. Siku ya mwisho ikapita. Zile pesa zikakaa nyumbani, zikaanza kutumika kidogo kidogo. Akina mama walipouliza, hakuna aliyekuwa na jibu. Mamake aliona haya, akaacha kuja mikutanoni kwa mwaka mzima. Kijana aliingia mwaka uliofuata, baada ya kumaliza salio, lakini uchungu ule ungeweza kuepukwa. Kosa lilikuwa letu pia.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tumejifunza haya:

- Kwanza barua ya kukubaliwa, halafu pesa. Tena barua hiyo ithibitishwe na chuo.
- Karo ilipwe moja kwa moja chuoni, muhula kwa muhula. Mweka hazina aweke risiti.
- Kama ni mkopo, uandikwe: kiasi gani, atalipa lini, nani mdhamini. Katiba ya kikundi iwe inaruhusu.
- Angalieni kalenda. Masomo mengi huanza Septemba, na bonasi ya majani chai kwa kawaida huja Oktoba. Mwombaji ajue pengo hilo mapema.
- Aulize HELB, bodi iliyoundwa 1995, kuhusu mkopo wa digrii ya pili. Kama bado ana deni la kwanza, azungumze nao kabla.

Na kikundi kisione aibu kusema hapana, kama pesa hizo ni za tangi la maji au za matibabu ya wanachama.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kati yetu, nani amewahi kusoma bajeti ya kaunti? Tulielewa nini?
2. Tukimsaidia kijana mmoja, wengine watafaidi namna gani?
3. Kama angeshindwa kulipa, tungefanya nini bila kuvunja ujirani?

Mkishajadili, andikeni majibu na mtuletee kwenye mkutano ujao.