JE, WAJUA? Mkazo Unaohamahama

Katika Kiswahili, mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wanaoasi, kama *barábara* kwa maana ya sawasawa, ni wachache. Vivumishi ambatani vya Kiingereza vina mambo yake.

Je, wajua kwamba mkazo wa neno moja unaweza kuhama? *Old-fashioned*, yaani -a kizamani, lina silabi 3. Katika *the house is old-fashioned*, mkazo mkuu uko kwenye FASH. Ukisema *an old-fashioned house*, unarudi hadi OLD, kuipisha HOUSE inayokuja na mkazo wake.

Je, wajua kwamba *-ed* ya neno hilo si ya wakati uliopita? Imebandikwa kwenye nomino *fashion* na inafanya kazi ya “-enye” yetu. *Blue-eyed* ni mwenye macho ya buluu.

Je, wajua kwamba kwa kawaida *-ed* huongeza silabi ikifuata sauti ya t au d tu? *Kind-hearted* ina silabi 3, *blue-eyed* 2. *Long-legged*, mwenye miguu mirefu, ni kaidi: wengine huitamka kwa silabi 2, wengine 3.

Je, wajua kwamba *n* ya *fashioned* mara nyingi husimama yenyewe kama silabi, bila irabu, sawa na *n* ya “nchi”?

Je, wajua kwamba *straightforward* ina herufi 15 lakini silabi 3 tu, mkazo ukiwa kwenye FOR? “Hatukuwatarajia” nayo ina herufi 15, ila silabi ni 8.

Je, wajua kwamba wingi hupotea ndani ya kivumishi? Mtoto ana *five years*, lakini ni *a five-year-old child*. Ile *s* haimo.

Je, wajua kwamba Shakespeare aliupa wivu sifa ya *green-eyed*, wenye macho ya kijani, katika *The Merchant of Venice* na tena katika *Othello*?

Je, wajua kwamba kistari kinaweza kubadili nani anamla nani? *Man-eating lion* ni simba mla watu, kama wale wawili waliowavamia wajenzi wa reli kule Tsavo mwaka 1898. Katika usemi, kistari hakisikiki. Mkazo kwenye MAN ndio unaoshika zamu. Kifute kwenye maandishi, na anayeliwa ni simba.