Sahili Kuliko wa Nani?

Kumwambia msomaji kwamba mwandishi fulani wa Kiingereza ana mtindo sahili ni kumwachia swali: sahili kuliko wa nani? Wahakiki wa lugha hiyo hawana upungufu wa vivumishi. Mtindo huitwa safi, mzito, laini, mkavu, wenye uhai, na orodha haiishi. Lakini msomaji anaweza kuvipitia vyote akaambulia jambo moja tu, kwamba mhakiki amependezwa au hakupendezwa. Ukurasa wenyewe unasomekaje, hajui. Sentensi ya maneno ishirini ni ndefu mno kwa mtoto aliyeanza kusoma juzi, na kwa wakili anayeandika mkataba ni fupi kupita kiasi. Sifa nyingi za mtindo ziko hivyo: hazishiki maana mpaka ziwekwe kando ya kitu kingine. Kwa hiyo nashikilia kwamba vifungu vya ulinganishi, vile vinavyosema huyu ana mkato kuliko yule au yule anapamba lugha zaidi ya huyu, si madoido ya uhakiki. Hapo ndipo mhakiki anapoanza kusema jambo linaloweza kukaguliwa.

Aliyeionyesha njia hii vizuri kuliko wengi, kwa maoni yangu, ni Samuel Johnson, yule yule aliyetunga kamusi mashuhuri ya Kiingereza ya mwaka 1755. Katika mfululizo wake wa wasifu wa washairi, uliotoka kati ya 1779 na 1781, alipofika kwa Alexander Pope alisimamisha simulizi akamweka ubavuni mwa John Dryden. Hakumchagua Dryden kwa kubahatisha. Pope, aliyezaliwa 1688, alimhesabu kuwa mwalimu wake. Wote wawili walipata sifa kwa mistari miwili miwili inayofungana kwa vina. Wote walitunga kejeli, na wote walifasiri washairi wa kale, mmoja Virgil na mwingine Homer. Watu wakiwa wamefanana kiasi hicho, kinachobaki kuwatenga ni mtindo wenyewe. Johnson anaanza na namna walivyofanya kazi: Dryden aliandika kiasi cha kutosheleza haja, na kazi ikishatoka mikononi mwake hakuirudia, ilhali Pope alisahihisha, akaiweka, akairudia tena. Kisha anaingia katika nathari yao. Ya Dryden anaiona inageuka-geuka kwa kuifuata akili ya mwenyewe, ya Pope inakwenda kwa hadhari na kwa mwendo mmoja. Ukurasa wa Dryden ni kama shamba la asili lenye miinuko na mabonde, wa Pope ni uwanja wa nyasi zilizokatwa zikasawazishwa. Halafu yanakuja yale yanayonivutia zaidi. Wakiruka, anasema, Dryden hufika juu zaidi, lakini Pope hukaa angani kwa muda mrefu zaidi. Moto wa Dryden una mwanga mkali zaidi, na joto la Pope ni la kudumu zaidi.

Tazama mizani hiyo inavyofanya kazi. Kila mara Johnson anapompa mmoja ushindi, anampa kwa kipimo kimoja tu, na mwenzake anampa ushindi kwa kipimo kilicho jirani: kimo dhidi ya muda, mwanga dhidi ya uthabiti. Hakuna sentensi inayosema mmoja ni bora, basi. Msomaji ambaye hajawahi kuwasoma anaweza kuchukua vitabu vyao, akatafuta kurasa ambako Dryden anapaa na nyingine ambako analegea, akaona kama kweli Pope halegei. Anaweza hata kumkatalia Johnson, jambo ambalo haliwezekani kwa mhakiki aliyesema tu kwamba mtindo ni mzuri. Mwishoni Johnson anaegemea upande wa Dryden, na anaungama kwamba anajishuku kwa upendeleo. Anaweza kumudu kuungama, kwa sababu ushahidi tayari ameuweka mezani.

Watapinga wengine kwamba ulinganishi kila mara huficha cheo. Ukisema huyu ana sentensi fupi zaidi, mwanafunzi wa leo anasikia kwamba huyu anaandika vizuri zaidi. Pingamizi hili lina uzito. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, alitoa kanuni sita, mojawapo ikikataza neno refu pale ambapo fupi lingetosha. Orwell aliweka sharti, na kanuni yake ya sita inaruhusu kuzivunja zile tano badala ya kuandika upuuzi. Walimu na wahariri wengi walichukua kanuni wakaliacha sharti, na ufupi ukageuka kuwa sifa isiyohitaji kulinganishwa na chochote. Lakini hapo kosa si la ulinganishi. Kosa ni la kuukata nusu. Kiingereza kinaruhusu kusema kitu ni safi zaidi bila kutaja kinachozidiwa, na watangaza sabuni wameishi kwa ruhusa hiyo miaka mingi. Hata sisi neno zaidi hutuponyoka vivyo hivyo. Mdai mhakiki huyo sehemu ya pili ya sentensi yake, na cheo kilichojificha kitalazimika kutoka hadharani: fupi kuliko ya nani, na kwa kazi gani?

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Mwandishi mmoja si kitu kimoja, kwa hiyo kumlinganisha na mwenzake ni kuwaonea wote wawili. Wanaosoma fasihi ya Marekani wamezoea kusikia kwamba Ernest Hemingway ana mkato kuliko William Faulkner. Mwaka 1936 unawapa ushahidi mzuri: Faulkner alichapisha riwaya ya Absalom, Absalom!, ambayo ina sentensi moja inayopita maneno elfu moja, na Hemingway alichapisha hadithi yake yenye jina la Kilimanjaro, iliyotokana na safari yake ya kuwinda Afrika Mashariki. Ila anayeisoma hadithi hiyo kwa makini hukutana na kikwazo. Mwindaji aliyelala akioza mguu anazungumza na mkewe kwa maneno machache makavu. Anapozama katika kumbukumbu za Ulaya, sentensi zinarefuka, zinaunganishwa kwa kiunganishi kile kile mpaka msomaji anatafuta pa kupumulia. Je, ule msemo wa madarasani umevunjika? Nadhani umebanwa tu, na kubanwa kunaufaa. Hemingway ana mkato kuliko Faulkner katika mazungumzo na katika kusimulia kitendo. Katika kumbukumbu, ni bora alinganishwe na yeye mwenyewe, kurasa chache nyuma. Ulinganishi ndio uliotuonyesha kwamba ndani ya hadithi fupi moja mna mitindo miwili.

Linabaki lalamiko kwamba haya yote ni sikio la mtu, na masikio hutofautiana. Hapa makala za Federalist zinafaa kuitwa mahakamani. Ni makala 85 za kuitetea katiba mpya ya Marekani, zilizotoka 1787 na 1788 kwa jina la bandia la Publius, waandishi wakiwa Alexander Hamilton, James Madison na John Jay. Hamilton aliacha orodha ya zilizo zake kabla ya kuuawa katika pambano la bastola mwaka 1804. Baadaye Madison akatoa ya kwake, na makala 12 zikadaiwa na wote wawili. Masikio yalishindwa, kwa kuwa watu hawa walilelewa katika Kiingereza kile kile cha kisomi cha karne ya 18. Mwaka 1941 mtakwimu Frederick Mosteller na mwenzake walihesabu urefu wa sentensi, kipimo ambacho yeyote angekitaja kwanza, wakapata wastani wa maneno 34.55 kwa Hamilton na 34.59 kwa Madison. Baadaye, katika kitabu cha 1964, Mosteller na David Wallace walihamia kwenye maneno madogo yasiyoangaliwa na mtu. Neno upon, ambalo linaweza kubadilishwa na on bila maana kuharibika, Hamilton alilitumia takriban mara tatu katika kila maneno elfu. Kwa Madison, hata mara moja haifiki. Wakazipima zile makala 12 kwa vipimo vingi vya namna hiyo, na zote zikaelekea kwa Madison.

Ushahidi huu unakata pande mbili. Unaonyesha kwamba ulinganishi unaweza kuwa imara kuliko hisia, mradi kipimo kitajwe na pande zote mbili zihesabiwe kwa namna ile ile. Unaonyesha pia kwamba kipimo kinachomtambulisha mwandishi si lazima kiwe kile kinachomgusa msomaji. Hakuna aliyewahi kuifunga makala ya Hamilton akisema kilichomshawishi ni upon. Anayetaka kueleza kwa nini hoja za Hamilton zinasomeka kwa kasi zaidi ya za Madison, kama kweli anaziona hivyo, takwimu hizo hazitamwandikia sentensi; itambidi afungue makala mbili zinazogusa jambo moja, aziweke sambamba, na aseme ni katika aya ipi mmoja anamwacha mwenzake nyuma.