Trakeostomia: Kuhamisha Njia ya Pumzi Bila Kuikatiza

Hewa aivutayo mtu hushuka kupitia zoloto, penye nyuzi za sauti, ikaingia katika koo la pumzi. Koo hili ni bomba lenye urefu wa sentimeta 10 hadi 12 kwa mtu mzima, nalo limeimarishwa kwa pete 16 hadi 20 za gegedu zenye umbo la herufi C. Mgonjwa mahututi asiyeweza kupumua mwenyewe hupitishiwa mpira kinywani hadi ndani ya koo hilo, na mashine humsukumia hewa. Karibu na ncha ya mpira pana puto dogo lizibalo nafasi ya pembeni, ili hewa isivuje.

Mpira huo ukikaa muda mrefu huweza kuumiza zoloto. Kwa hiyo madaktari huweza kutoboa shingo na kuweka mpira mfupi, aghalabu baina ya pete ya pili na ya tatu. Upasuaji huo ndio uitwao trakeostomia.

Manufaa yake yalidhihirika mwaka 1952, polio ilipoukumba mji wa Copenhagen, Denmark. Daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, alishauri kwamba waliopooza misuli ya kupumua na kumeza watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mfuko uliominywa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana. Vifo vya wagonjwa wa namna hiyo, vilivyokuwa zaidi ya 80 katika kila 100, vilipungua hadi karibu 40.

Hatari kubwa ya trakeostomia imo katika dakika za kubadili njia. Mpira wa kinywani umekaa palepale panapotakiwa kutobolewa. Ukiachwa, sindano huweza kupasua puto. Ukitolewa mapema, mgonjwa hubaki bila njia, na ubongo huanza kudhurika baada ya dakika chache tu.

Je, madaktari hufanyaje? Kwanza, huweka akiba. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Mgonjwa hupewa oksijeni tupu, ikafukuza naitrojeni mapafuni na kuyafanya ghala. Lakini mwenye nimonia kali ana ghala dogo, hivyo muda wake ni mfupi. Tena oksijeni huchochea moto. Kwa hiyo kifaa cha umeme cha kukaushia damu hakitumiwi kufungulia koo.

Pili, daktari mmoja hufanya upasuaji, na mwingine husimama kichwani, akiuvuta mpira wa zamani taratibu hadi puto lifike chini kidogo ya nyuzi za sauti. Darubini nyembamba iliyopitishwa ndani ya mpira huonyesha kama sindano imeingia katikati, isije ikatoboa ukuta wa nyuma, unaopakana na umio.

Tatu, mpira mpya huthibitishwa. Mwanafunzi aliyepuliza pumzi katika maji ya chokaa yakageuka rangi ya maziwa anaifahamu kanuni yake: pumzi itokayo mapafuni ina kaboni dayoksaidi. Kipimo kikiionyesha katika kila pumzi, mpira umo njiani. Kisipoionyesha, huenda umepotelea katika nyama za shingo. Ndiyo maana mpira wa zamani hauondolewi kabla ya uthibitisho huo: jambo likiharibika, husukumwa tena chini, na mgonjwa akaendelea kupata hewa.