Damu Kwenye Mkojo na Kipimo cha Ukali wa Uvimbe

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hulificha kwa haya: kukojoa damu. Mtu huona mkojo mwekundu, lakini kwa kuwa hasikii maumivu husema, "Ni kichocho tu, kitapita." Miezi hukatika. Damu hiyo isiyouma yaweza kuwa dalili ya saratani ya kibofu.

Hospitalini daktari huingiza kibofuni mpira mwembamba wenye kamera, hukata kipande cha uvimbe na kukipeleka maabara. Wagonjwa huuliza: "Uvimbe umeshaonekana, nyama ya nini tena?" Ni kwa sababu ukali wa uvimbe hutofautiana. Wa daraja la chini hupenda kurudi baada ya kuondolewa, lakini ni nadra kuua. Wa daraja la juu huweza kupenya msuli wa kibofu na kusambaa, na pengine hulazimu kibofu chote kitolewe.

Daraja hujulikana kwa kutazama viini vya seli katika darubini. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka madaraja matatu mwaka 1973, kisha mwaka 2004 likaleta mpango wa mawili, la chini na la juu. Tatizo ni kwamba wataalamu wawili huweza kutazama kipande kimoja na kutofautiana.

Hapo ndipo kompyuta inaposaidia. Picha ya darubini huingizwa humo, na programu hupima ukubwa, umbo na wingi wa rangi wa kila kiini, kisha hulinganisha na vipande ambavyo madaraja yake yanajulikana. Kompyuta haichoki. Hata hivyo, kipande kikipakwa rangi vibaya, nayo hukosea. Basi ni msaidizi tu. Uamuzi hubaki kwa daktari.

Lakini vyombo vyote hivi havimfai anayekaa nyumbani. Sigara ni sababu kubwa ya saratani hii, iache. Kichocho nacho kisipotibiwa huweza kuileta, na mayai yake huingia majini kwa mkojo. Mtume (s.a.w.) alikwishatukataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Nawe unapostanji, tazama mkojo wako. Ukiona damu, hata mara moja, nenda kituo cha afya ukapimwe. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya dini yetu, wala si aibu.

Allah atujaalie afya njema. Amin.