Mpini Ukienda Upande, Mgongo Ndio Ulipao

Na Mwandishi Wetu

Katika kumbi za mazoezi ya viungo zilizoenea siku hizi mijini, imo mashine ambayo wafanyakazi wengi huipenda kwa kuwa huutumikisha mwili mzima kwa wakati mmoja. Ni mashine ya kupiga makasia. Mtu huketi juu ya kiti kinachoteleza kwenye reli, hufunga nyayo zake kwa mikanda, kisha huvuta mpini uliofungwa mnyororo unaozungusha gurudumu. Aketiye ofisini au nyuma ya usukani kutwa nzima hupata hapo mazoezi ya miguu, mgongo, mikono na mapafu.

Hata hivyo, faida hiyo yaweza kugeuka hasara. Mpini ni mmoja nao hukaa katikati. Avutaye zaidi kwa mkono mmoja, au asukumaye zaidi kwa mguu mmoja, huupotosha uti wa mgongo kidogo katika kila mvuto. Akivuta mara 20 kwa dakika kwa muda wa nusu saa, amekwisha kujipotosha mara 600. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MAJI HUONYA, MASHINE HAIONYI

Mvuvi wetu wa pwani apigaye kafi upande mmoja tu huona mara moja mtumbwi ukigeuka, naye hujirekebisha. Kwenye mashine hakuna chombo cha kugeuka. Mwaka 1981 Wamarekani wawili wa tumbo moja, Dick na Pete Dreissigacker, walipoanza kuuza mashine yao iliyotumia gurudumu la baiskeli, walikusudia kuwapatia wapiga makasia mazoezi ya nchi kavu. Walifaulu, lakini onyo la maji lilibaki majini. Mtu aweza kuvuta kombo miezi mingi, na gurudumu likazunguka vilevile.

Wala kombo hilo halianzii kwenye mashine. Twalijenga nyumbani na kazini: dumu la maji daima katika mkono wa kulia, mkoba daima begani palepale, mtoto daima juu ya nyonga ileile, na pochi nene katika mfuko wa nyuma wa suruali ya dereva.

JICHUNGUZE KWANZA

Ndugu msomaji, mwombe mwenzako asimame nyuma yako, au akupige picha za video kwa simu, huku ukivuta polepole mara 20. Mpini umelala sawa, au upande mmoja uko juu? Mnyororo unarudi katikati? Bega moja linapanda kuelekea sikio? Goti moja linaangukia nje? Makalio yamehamia upande mmoja wa kiti? Asitazame mvuto mmoja tu, bali lile linalojirudia.

REKEBISHA KUANZIA CHINI

Kosa la wengi ni kuvuta kwa nguvu zaidi kwa mkono ule dhaifu. Kufanya hivyo ni kuongeza kombo la pili juu ya la kwanza, kwa maana mara nyingi mkono hufuata tu yaliyoanzia kwenye nyayo na nyonga.

Hakikisha mashine imesimama juu ya sakafu iliyo sawa. Funga nyayo zote mbili kwa kimo kimoja, na mikanda ikaze sawasawa. Keti katikati ya kiti, uzito ukigawanyika pande zote mbili.

Kisha punguza nguvu. Mashine nyingi za upepo zina kidhibiti chenye namba 1 hadi 10. 3 hadi 5 zawatosha watu wengi. Vuta mara 18 hadi 20 kwa dakika. Sukuma kwanza kwa miguu, ndipo kiwiliwili kiegemee nyuma kidogo, na mwisho mikono ilete mpini chini ya kifua. Wakati wa kurudi, mikono hutangulia, kiwiliwili hufuata, magoti hukunjwa mwisho.

Anza kwa mivuto 10 ya miguu peke yake, mikono ikiwa imenyooka. Sikiliza kama visigino vyote viwili vinasukuma pamoja. Ongeza kiwiliwili, kisha mikono. Mpini ukianza kwenda upande, huo ndio mwisho wa zoezi la siku hiyo, hata kama pumzi ingalipo.

Nje ya mashine, upe nguvu upande ulio dhaifu. Panda ngazi kwa mguu mmoja mmoja na inua uzito kwa mkono mmoja mmoja. Tangulia na upande dhaifu, wala usiupe upande wenye nguvu kazi zaidi ya ile ambayo mwenziwe ameiweza. Na dumu la maji nalo libadilishwe mkono.

MAUMIVU SI MAZOEZI

Hakuna mwili ulio sawa kabisa pande zote, na tofauti ndogo si ugonjwa. Lakini maumivu yateremkayo mguuni, ganzi, au mguu kukosa nguvu ni sababu ya kuacha mazoezi na kumwona daktari. Ganzi kati ya mapaja, au shida ya kuzuia au kutoa haja, yataka hospitali siku hiyo hiyo. Anayedhani mguu wake mmoja ni mfupi apimwe na mtaalamu, asijitilie vipande vya mbao chini ya nyayo.

Mkono mmoja haulei mwana, wala upande mmoja haubebi mwili. Mgongo wa mfanyakazi ndio jembe lake. Afadhali wiki chache za kuvuta kidogo lakini sawasawa, kuliko mwezi mzima wa kulala kitandani huku familia ikingoja.