Je, Wajua? Mji Uliowatoza Kodi Waazteki

Je, wajua kwamba Waazteki, kabla hawajaanza kutoza watu kodi, walitozwa wao? Walipohamia kwenye kisiwa chao cha matope mwaka 1325, ziwa lililokizunguka lilikuwa chini ya Watepaneca wa Azcapotzalco, mji wa Wanahua (watu wa lugha moja na Waazteki) uliokuwa na mfalme wake, mahekalu yake, soko lake na miji midogo iliyouinamia. Mhamiaji hakuwa na la kusema. Leo Azcapotzalco ni mojawapo ya wilaya 16 za Jiji la Meksiko, upande wa kaskazini-magharibi, na ina wakazi zaidi ya 430,000.

Je, wajua kodi yenyewe ilivyokuwa? Mtawa Diego Durán, aliyekusanya masimulizi ya wazee karne ya 16, anaeleza kwamba mwaka mmoja Waazteki waliamriwa wapeleke chelezo kilichopandwa mahindi, pilipili, maharage, maboga na mchicha, vyote vikiwa vimekwisha kuota, kikielea ziwani hadi Azcapotzalco. Wakapeleka. Safari iliyofuata wakaambiwa juu ya chelezo wawepo bata na korongo wakiatamia mayai, na vifaranga waanguliwe siku ileile ya kufika. Wakapeleka hata hao, kwa msaada wa mungu wao, kama wanavyodai wenyewe. Amini au usiamini, ila yeyote aliyewahi kufukuzana na mtoza ushuru anaujua mchezo huu: masharti hayawekwi ili yatimizwe.

Je, wajua kilichopunguza kodi hiyo? Ndoa. Mfalme wa Waazteki, Huitzilihuitl, alimwoa binti wa Tezozomoc, bwana mkubwa wa Azcapotzalco. Alipozaliwa mjukuu, Chimalpopoca, babu akalegeza mkono, kodi ikabaki ya heshima tu: bata, samaki na viumbe wengine wa ziwani.

Na huyo Tezozomoc? Alitawala zaidi ya nusu karne, akafa mwaka 1426. Wanasema alizeeka hata damu ikakataa kupasha mwili joto, akawa anawekwa ndani ya tenga lililojazwa pamba na manyoya, kama mtoto mchanga. Kutoka kwenye tenga hilo aliendelea kutoa amri, na watu waliendelea kufa. Mwaka 1418 majeshi yake yalimuua mfalme wa Texcoco, ng'ambo ya ziwa. Kijana wa marehemu, Nezahualcóyotl, inasemekana aliyaona yote akiwa amejificha juu ya mti. Kosa la Tezozomoc ni kwamba kijana huyo hakukamatwa.

Mzee alipofariki, wanawe wakagombania kiti. Maxtla, aliyekuwa bwana wa Coyoacán, akampora kiti ndugu yake aliyekuwa ameandaliwa. Muda si mrefu Chimalpopoca naye akawa maiti. Hapo majirani wakachoka. Mwaka 1428 Itzcóatl wa Tenochtitlan, mji wa Waazteki, Nezahualcóyotl wa Texcoco na watu wa Tlacopan, ambao nao walikuwa Watepaneca, waliungana wakauangusha mji. Masimulizi ya Texcoco yanasema Maxtla alikutwa amejificha kwenye bafu la mvuke, akaburutwa nje na kuuawa. Muungano huo wa miji mitatu ndio uliozaa dola ambalo Wahispania walilikuta miaka 91 baadaye.

Je, wajua kwamba baada ya ushindi Itzcóatl alichoma vitabu? Wazee walimwambia mtawa Bernardino de Sahagún kwamba vitabu vya kale vya michoro viliteketezwa, kwa hoja kwamba si vyema watu wa kawaida kuyajua yaliyomo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunayoyasikia kuhusu ukatili wa Tezozomoc na Maxtla imetoka kwa wajukuu wa maadui zao, hasa wa Texcoco. Msema pweke hakosi. Mimi sisemi Tezozomoc alikuwa mpole. Nasema tu kwamba upande wake wa kesi uliungua.

Mji ulioshindwa ulipewa kazi nyingine: soko la watumwa. Azcapotzalco ilijulikana kote bondeni kwa biashara hiyo. Lakini ilijulikana pia kwa masonara. Mwanajeshi Bernal Díaz del Castillo anakumbuka kwamba Wahispania walipoitia mkononi hazina ya Moctezuma, mfalme wa Waazteki, mafundi walioitwa kuibomoa na kuiyeyusha walitoka Azcapotzalco, na kuyabomoa mapambo yale kulichukua siku tatu. Mikono iliyojua kuyatengeneza ndiyo iliyolazimishwa kuyaharibu.

Je, wajua kwamba mwaka 1561 viongozi wa Azcapotzalco walimwandikia Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania barua kwa Kilatini? Hawakuandika Kihispania cha makarani. Waliandika Kilatini cha wasomi, wakidai heshima na haki za mji wao. Palikuwa na watu wa kuiandika. Antonio Valeriano, mzaliwa wa hapo, alisoma chuo cha Tlatelolco, akafanya kazi na Sahagún, kisha akawa gavana wa Wanahua katika Jiji la Meksiko kwa zaidi ya miaka 20. Mji uliowahi kuwatawala Waazteki ukampeleka mwanawe kuwaongoza tena, safari hii kwa kalamu.

Kanisa la Wadominiko la karne hiyohiyo bado lipo. Kwenye mnara wake wa kengele kuna umbo la sisimizi, alama ya mji, na wenyeji wanasema anapanda polepole. Siku atakapofika juu, dunia itakwisha. Hadi sasa hajafika.

Je, wajua kwamba pigano kubwa la mwisho la vita vya uhuru wa Meksiko lilipiganwa hapa, tarehe 19 Agosti 1821? Encarnación Ortiz, mpigania uhuru aliyeitwa El Pachón, aliuawa akijaribu kuukokota mzinga usibaki mikononi mwa adui.

Je, wajua kwamba mwaka 1911 mwanaakiolojia Manuel Gamio alichimba San Miguel Amantla, ndani ya Azcapotzalco, tabaka kwa tabaka, akaonyesha kwamba vigae vya Waazteki viko juu, vya Teotihuacan chini yake, na vya watu wa kale zaidi chini kabisa? Leo kila mwanafunzi wa akiolojia hufanya hivyo. Wakati ule lilikuwa jambo jipya katika Amerika.

Karne ya 20 ilileta moshi. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa mwaka 1933, kikawa mali ya umma mwaka 1938 Rais Lázaro Cárdenas alipotaifisha mafuta, kikaitwa 18 de Marzo, yaani 18 Machi, kwa kumbukumbu ya siku hiyo. Kilifungwa tarehe 18 Machi 1991 kwa sababu ya uchafuzi wa hewa. Hekta 55 za eneo lake zilifunguliwa kama bustani ya umma mwaka 2010.

Ipo bustani nyingine, Tezozómoc, ya mwaka 1982. Vilima vyake ni udongo uliochimbwa wakati wa kujenga njia ya metro. Bwawa lililo katikati limekatwa kwa umbo la maziwa ya bonde zima kama yalivyokuwa kabla hayajakaushwa, kwa hiyo mtoto anaweza kuizunguka ramani ya enzi za wafalme kwa baiskeli kabla ya chakula cha mchana.

Na ukipanda metro njia ya 6, utapita kituo cha Tezozómoc, kisha Azcapotzalco. Nezahualcóyotl naye ana kituo chake, njia ya B. Itzcóatl, mchoma vitabu, hana.