Uvimbe Katika Mji wa Mimba

Mwezi huu tunazungumzia fibroidi, uvimbe unaowapata akina mama wengi, hasa kati ya umri wa miaka 30 na 50. Huota katika misuli ya mji wa mimba. Si kansa, wala hautokani na kurogwa. Homoni za kike huukuza, ndiyo maana kwa kawaida hunywea hedhi inapokoma.

Dalili hutegemea mahali ulipoota. Ulio karibu na utando wa ndani, hata ukiwa mdogo, huleta damu nyingi, na huweza kuzuia mimba au kuiharibu. Unaokua kuelekea nje huweza kukandamiza kibofu, mama akaenda haja ndogo mara kwa mara, au utumbo mkubwa, akafunga choo. Wengi hawasikii lolote.

Jambo la kuangalia sana ni damu. Hedhi inayozidi siku 7, yenye mabonge, au inayolowesha kitambaa kila saa, si ya kuvumilia tu. Mama hupungukiwa damu: hupata kizunguzungu, moyo humwenda mbio, huchoka kwa kazi ndogo. Nyumbani ataitwa mvivu, kumbe ni mgonjwa.

Je, ndani ya uvimbe hutokea nini? Mwanzoni ni mgumu na mweupe, na ukikatwa huonekana nyuzi zilizojisokota. Ukikua kuliko damu inayoulisha, huanza kubadilika. Mara nyingi nyuzi hizo hupotea na mahali pake huwa laini. Pengine huyeyuka na kuacha vifuko vya maji. Kwa waliokoma hedhi huweza kujaa chokaa, ukawa mgumu kama jiwe.

Wakati wa ujauzito uvimbe huweza kuvia damu, ukawa mwekundu kama nyama mbichi. Mama hushikwa na maumivu makali ya tumbo, pengine na homa na kutapika. Asikandwe tumbo wala asijinunulie dawa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu maumivu hayo huweza kuwa na chanzo kingine cha hatari. Yakithibitika kuwa ya fibroidi, kwa kawaida hutulia kwa mapumziko na dawa za maumivu atakazopewa na daktari.

Uvimbe kugeuka kansa ni nadra sana. Hata hivyo, mama anayetokwa damu baada ya hedhi kukoma apimwe bila kukawia.

Kipimo cha ultrasaundi huonyesha uvimbe bila maumivu. Usiosumbua huangaliwa tu. Unaosumbua hutibiwa kwa dawa za kupunguza damu na vidonge vya kuongeza damu, au kwa upasuaji: kuondoa uvimbe peke yake kwa anayetaka kuzaa bado, au kutoa kizazi chote.

Akina baba, msindikizeni mama kliniki, msikie pamoja maelezo ya daktari. Msimwachie mzigo huu peke yake.